Mwaka wa Vifua vya Kuazima

Wiki iliyopita tulimzika Shefu Gaspari, na sikumlilia. Tulikaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, nyumbani kwa watoto wake, mtaa wa Nyamianda, na kila aliyesimama alisema yale yale: marehemu alikuwa baba wa wafanyakazi. Mmoja akaongeza kwamba marehemu alijua afya ya kila kuli wa Kalundu kuliko mama aliyemzaa kuli huyo. Hapo kicheko kikanitoka. Sikukusudia, lakini kilitoka, na mama aliyekaa mbele yangu akageuka kunitazama kama vile mbuzi ameingia kanisani. Kisha mwana wa kwanza wa marehemu, naye sasa mtu mzima mwenye mvi, akaja kuniinamia sikioni. "Mama Feza, weye ndiye umebaki peke yako kwa wale walifanya kazi na mzee. Utuambie hata maneno mawili." Nikamjibu kwamba maneno mawili ninayo, ila hayafai mbele ya jeneza. Nikachukua mkoba wangu, nikapanda piki ya kwanza niliyoiona barabarani, nikaenda zangu. Najua wamenisema tangu siku hiyo, kwamba uzee umenitoa adabu. Waseme. Nimenyamaza miaka yote hii kwa ajili ya mtu yule, na kwa ajili yangu, na sasa nimechoka kumtunzia jina.

Mwaka ninaoukumbuka ni ule wa nne wa uhuru, mwaka ulioishia kwa waasi kuingia Uvira. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Sosiete, kampuni iliyopakua mizigo kwenye bandari ya ziwani Kalundu, ilikuwa imenipa koti jeupe, kiti cha chuma na muhuri. Nimetoka kwa nani na nilisoma wapi, hayo wajukuu wangu wanayajua na wengine hayawahusu. Dispanseri yetu ilikuwa vyumba viwili. Kimoja kilikuwa na vitanda viwili vya chuma vilivyopakwa rangi nyeupe, na kingine kilikuwa changu: mizani ya kusimamia, utepe wa kupimia kama wa fundi nguo, bakuli la sindano, na kabati la kijani lenye kufuli. Ukuta wa mbao uliotutenga na biro ya personeli, ofisi ya kuandika wafanyakazi, alikokaa Shefu Gaspari, haukufika darini. Moshi wa sigara zake ulikuja kwetu, harufu ya dawa ya vidonda ilikwenda kwake, na maneno yalipita huku na huku vivyo hivyo. Daktari Mbelgiji alikuwa amevuka mpaka siku za uhuru, akisema anakwenda Usumbura kutafuta dawa. Nadhani bado anatafuta. Alichoacha ni muhuri wa neno moja la Kifaransa, apte, yaani huyu anafaa kazi, na muhuri huo ukahama mikono mpaka ukaangukia kwangu. Bila muhuri huo hakuna mwanaume aliyebeba hata gunia moja Kalundu. Niliupenda mno. Nililala nao chini ya mto.

Shefu Gaspari alikuwa karani mdogo zamani za Wabelgiji, na alipopewa kiti cha personeli tulipiga vigelegele, maana tulisema sasa anayetuandika kazi ni muntu wa kwetu, anajua njaa yetu. Jambo la kwanza alilofanya muntu wa kwetu ni kuwafuta makuli wote na kuwaambia waje kuandikwa upya, kila mmoja apimwe kama mgeni. Kanuni ilikuwa ile ile ya kizungu: uzito, macho, na kifua. Kifua ndicho kilichowamaliza. Unamwambia mtu avute pumzi, unazungusha utepe. Umwambie aitoe, unazungusha tena. Kisha unapiga mgongo kwa vidole kusikiliza. Sasa niambie, mtu aliyebeba simenti miaka sita ndani ya tumbo la barji, tishari ya kubebea mizigo, akimeza vumbi lile asubuhi na jioni, kifua hicho kitakuwaje? Sosiete iliharibu vifua kwa mikono yake, halafu ikavikataa kwa kuwa vimeharibika. Hilo nililiona mapema, na nikajifanya sikuliona.

Watu wakapata dawa yao. Mwenye kifua kibovu alimtuma ndugu mwenye kifua kizuri. Ndugu alisimama mbele yangu, akataja jina la mwenzake, akapimwa, akapigiwa muhuri, na kesho yake mwenzake ndiye aliyekuja kazini na ile fishi, karatasi ya kuandikwa kazi. Waliita kuazima kifua. Hawakuona kuwa ni wizi hata kidogo. Ukiwa na mtumbwi na jirani hana, unamwazima. Ukiwa na mapafu na ndugu hana, utamnyima? Kulikuwa na kijana mmoja mvuvi, Etiene, mwenye mabega mapana na pumzi ya kuzamia, ambaye mwaka ule alisimama mbele yangu kwa majina matano. Mara ya tatu nilimwuliza, "Leo unaitwa nani?" Akacheka na meno yote. "Leo minye ni Mulimbi, dada Feza. Ni kaka yangu, tumbo moja. Iko kukohoa kidogo tu, lakini kazi anaijua kuliko wote." Nikaandika: Mulimbi, kifua kizuri, apte. Jioni ile mke wa Mulimbi, Apendeki, akaniletea ungo wa ndagala, dagaa wa ziwa letu, wabichi, wanameta bado. Nikawakaanga, nikawala na bugali, wakaninogea. Sikuomba chochote, lakini sikurudisha chochote. Nilikuwa najiona mtu mwema, na ndicho kinachonichoma leo kuliko mambo mengine.

Mulimbi mwenyewe nilimjua vizuri. Alikuwa mrefu, mkavu, mpole, na kila alipopita dirishani kwangu alinisalimia kwa jina. Kikohozi chake nilikijua pia; kilianza chini kabisa, kikampinda kiuno, na alipomaliza alijipangusa mdomo akaangalia kitambaa haraka haraka kabla ya kukikunja. Mara mbili nilimwita ndani nikampa dawa ya maji ya kikohozi, na mara moja nikafungua lile kabati la kijani nikamwonyesha vitambaa vya kufunika pua na mdomo, boksi zima, vyeupe, vimekunjwa. Hivyo vilitoka kabatini siku aliyokuja mkaguzi wa kazi tu. Shefu Gaspari alivigawa kwa mkono wake, makuli wakafunga midomo yao, mkaguzi akapita, akaandika, akanywa bia, akaondoka, na kabla gari halijapita daraja nilipewa ndoo nivifue vyote na kuvifungia tena. Mulimbi alivitazama, akasema, "Funga tu, dada. Nikivaa peke yangu wataniuliza kifua changu iko na nini." Nikafunga.

Alianguka siku ya barji ya simenti, saa nne asubuhi. Nilikuwa dirishani. Alikuwa juu ya ubao wa kupitia, ule mwembamba kati ya barji na gati, gunia mabegani, wenzake mbele na nyuma. Kikohozi kikamshika katikati. Alisimama kidogo, kama mtu anayekumbuka kitu alichosahau nyumbani, kisha akapinda, gunia likamvuta, na wote wawili wakaenda chini kati ya chuma na jiwe. Ziwa lilikuwa limechafuka siku hiyo. Barji ikarudi kwenye gati kabla hawajamfikia. Walipomtoa, mguu wa kulia chini ya goti haukuwa tena na umbo. Walimlaza kwenye kitanda kimoja cha dispanseri. Nilifunga nilichoweza kufunga, nikajua hata kabla ya kumaliza kwamba mguu ule unataka daktari wa kupasua, na daktari huyo yuko ng'ambo, Usumbura. Sosiete ilikuwa na boti lake, na kanuni ilikuwa wazi ukutani: mfanyakazi aliyeumia kazini atapelekwa hospitali ng'ambo siku ile ile. Nikazunguka ukuta wa mbao, nikaingia kwa Shefu Gaspari na fishi mkononi.

Aliisoma kwa utulivu, akiwa bado anakula. Palikuwa na sahani ya samaki, mukeke wa kuchoma, na ndizi, na alichambua miiba kwa ncha za vidole, taratibu, kama mtu asiye na haraka duniani. Akaniuliza, "Mulimbi huyu iko na kifua kizuri, umeandika weye mwenyewe. Sasa yule analia hapo iko anakohoa damu. Ni nani yule?" Nikasema ni Mulimbi, shefu. Akanawa mikono, akatuma mtu, na baada ya saa moja Etiene alikuwa amesimama mbele ya mizani yangu, kifua wazi, macho mekundu, maana alikuwa ameshapata habari za kaka yake. Nusu ya makuli walijaa mlangoni. "Mpime," shefu akaniamuru. Nikazungusha utepe. Vuta pumzi. Toa. Shefu akashika fishi karibu na macho, akalinganisha, ikawa sawa mpaka alama ya mwisho. Kisha akaniuliza kwa sauti ya upole ambayo mpaka leo naisikia nikiwa nakoroga chai: "Binti, huyu ndiye ulimpima siku ile?"

Angeniuliza kitu kingine chochote. Angeniuliza kama yule wa kitandani alibeba magunia yetu miezi minane, ningesema ndiyo. Angeniuliza kama nilijua. Lakini aliuliza hilo, na jibu lake la kweli lilikuwa moja. "Ndiyo, shefu," nikasema. "Basi Mulimbi ni huyu, na Mulimbi ni mzima," akawaambia walio mlangoni. "Yule mwingine simjui. Ni muntu aliingia bandarini bila kuandikwa. Boti ni ya wafanyakazi." Ingenigharimu maneno machache tu: nilijua, nilipiga muhuri nikijua, niadhibiwe mimi. Lakini niliwaza koti, niliwaza muhuri, niliwaza jela ya wanaoghushi karatasi, na nikaanza kukunja utepe, polepole, kwa uangalifu mkubwa, mpaka watu wote wakatawanyika. Etiene alivaa shati lake bila kunitazama. Wajukuu wangu huniuliza kwa nini sipendi kushonewa nguo kwa fundi, kwa nini nanunua za kushonwa tayari.

Mulimbi akabaki pale kama mtu tuliyemwonea huruma, si mfanyakazi. Apendeki alikuja kila asubuhi na sombe, kisamvu chetu, na bugali kwenye bakuli lililofungwa kitambaa, akamlisha kwa tonge ndogo ndogo, na alinisalimia na kuniuliza kila siku, "Dada Feza, boti iko naenda lini?" Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa nayo. Nilimjibu kesho, nilimjibu wiki ijayo, nilimjibu shefu anaandika barua. Mguu ulianza kunuka. Niliuosha mara mbili kwa siku na nikazungumza na Mulimbi habari za upepo na bei ya mihogo, na yeye akanijibu kwa adabu zake, na hakuna siku hata moja aliyosema neno juu ya ule utepe. Nilidhani hakujua nilichosema. Nilijidanganya hivyo.

Kisha nikasikia. Ilikuwa saa sita mchana, joto kali, Mulimbi amesinzia, nami nimekaa sakafuni kwenye kivuli nikichambua maharage yangu. Ng'ambo ya ukuta Mzungu wa direksyon, mkubwa wa sosiete, alikuwa amekuja kula na Shefu Gaspari, na alikuwa na wasiwasi; aliuliza, kwa Kiswahili chake cha kuamrisha kazi, kama habari hii ya mtu asiye na fishi haitaleta matata. Shefu akacheka. Nilisikia kijiko kikigonga sahani. "Patron, hawa wa kuazima kifua ndio wazuri kupita wote. Minye nawajua mmoja mmoja. Akiwa mzima, anabeba. Akivunjika, si wetu. Unafikiri niliwaandika upya kwa sababu gani?" Mzungu akasema, "Na yule msichana?" Shefu akasema, "Yule anafikiri anawasaidia. Mwache."

Nilihisi uso ukiniwaka moto mpaka masikioni. Kumbe sisi tuliodhani tunamchezea mtu ndio tuliokuwa tunachezwa. Makuli walijificha nyuma ya mgongo wa Etiene wakidhani wamepata mlango wa uani, na mlango ule alikuwa ameufungua yeye, akasimama pembeni akiwahesabu wanavyoingia. Na bawabu wa mlango nilikuwa mimi, na ndagala zangu. Nilimchukia mtu yule siku hiyo, na sijaacha. Watu wa dini huniambia nisamehe, na mimi huwajibu kwamba sijazuia mtu mwingine yeyote kumsamehe. Niliinuka, nikachukua fishi mpya, nikampima Mulimbi akiwa amelala, kifua chake mwenyewe, chembamba, chenye kunguruma. Nikaandika kila kitu cha kweli, tangu lini anafanya kazi, anakohoa nini, ameumia wapi. Nikatia jina langu. Nikasema kesho nitaipeleka kwa mkaguzi, mbele ya watu, liwalo na liwe.

Kesho hiyo haikuwa ya wakaguzi. Askari wa serikali walianza kupita wakirudi nyuma, wengine wamevua viatu wameviweka shingoni, na sokoni watu wakasema waasi wako milimani juu yetu na watashuka wakati wowote. Mchana sosiete ikafunga milango. Boti lilikuwa limewashwa gatini, Mzungu yuko ndani tayari, na Shefu Gaspari amesimama kwenye ubao wa kupandia na orodha ya wafanyakazi wa kuvuka. Nilikimbia kwa Etiene. Tukamlaza Mulimbi juu ya mlango wa dispanseri tuliong'oa, Etiene na kuli mmoja wakambeba, Apendeki nyuma na kifurushi chake, mimi mbele na fishi nimeinyoosha juu kama mtu anayebeba bendera. Watu walikuwa wengi gatini, na wote walitupisha.

Shefu akaichukua, akatoa na ile ya zamani katika makaratasi yake, akazisoma zote mbili, akaniwekea kando kando. "Jina moja, vifua viwili," akasema. "Kama ni huyu wa kwanza, ni mzima, hana haja ya hospitali. Kama ni huyu wa pili, kifua hiki hakiruhusiwi kazi, basi hakuwa mfanyakazi. Chagua." Hapo maneno yalitoka, yale niliyoyakalia wiki tatu. Nilisema mbele ya gati zima kwamba nilijua, kwamba nilikula ndagala za watu na kupiga muhuri, na kwamba yeye alijua kabla yangu na aliyapanga yote, nimemsikia kwa masikio yangu. Nilingoja akane. Hakukana. Alinisogelea, akasema polepole, bila chuki yoyote, "Ndiyo, nilijua. Na weye ulijua. Nani atatuhukumu leo? Sikiliza, jina lako iko hapa, mstari wa tisa. Yeye hayuko. Boti inaondoka. Panda ama ubaki."

Kutoka upande wa milima ikasikika milio ya bunduki, mbali bado, lakini gati zima likayumba. Niligeuka kwa Mulimbi. Sijui nilitaka nini kwake; labda aniambie nenda, dada, au aniambie baki, niwe na mtu wa kumlaumu. Alikuwa ameamka, amejiegemeza kwa kiwiko juu ya ule mlango. "Shefu sikumutegemea hata siku moja," akasema. "Minye nilikutegemea weye. Siku ya utepe nilikuwa nasikia." Apendeki akampangusa uso. Etiene akaangalia maji.

Nikapanda. Sina maelezo mengine. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na niliogopa kufa. Mulimbi alikufia Kalundu siku ya sita baada ya boti kuondoka, nilikuja kuelezwa na Etiene baadaye sana, naye alinieleza akiwa amesimama mlangoni kwangu, akikataa kiti. Lakini siku ile, ziwani, nilipata nafasi kwenye benchi, na aliyekaa kando yangu alikuwa Shefu Gaspari. Gati lilipokuwa dogo nyuma yetu, alifungua gazeti alilokuwa ameshika mapajani, akatoa mkate na samaki wa kukaanga, akaumega mkate katikati, akanipa nusu kubwa. Sikuwa nimekula tangu jana yake. Nikaupokea, nikamwambia asante, nikaula wote.